Faiba, mnara, redio au setilaiti: njia ipi ya kufikisha intaneti ya kasi kijijini?

Kijiji kikishakubaliana kwamba kinataka intaneti ya kasi, makubaliano huishia hapo. Mmoja amesikia kwamba dishi la setilaiti linafungwa kwa nusu saa na kazi imekwisha. Mwingine anashikilia kwamba bila faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, ni kutupa fedha. Wa tatu anataka kampuni ya simu ibanwe iongeze mnara. Wote wana hoja, ila kila mmoja anapozungumza ana kijiji chake kichwani: huyu anaona nyumba zilizobanana kando ya barabara, yule anaona maboma yaliyotawanyika mlimani.

Mwaka 2024 Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lilikadiria kwamba watu bilioni 2.6 hawatumii intaneti, na bilioni 1.8 kati yao wanaishi vijijini. Teknolojia za kuwafikia zipo, na zimekuwepo kwa miaka. Linalosumbua ni kuchagua ile ambayo kijiji husika kinaweza kuilipia, kuiwashia umeme na kuitengeneza itakapoharibika.

Kwanza, tenganisha safari mbili

Intaneti ya kijijini husafiri mara mbili. Safari ya kwanza inaitoa kwenye mtandao mkuu na kuifikisha kijijini. Ya pili inaigawa nyumba kwa nyumba. Ni kama maji: kuna bomba kubwa linalotoka kwenye chanzo, na kuna vibomba vya kila ua. Mabishano mengi huzaliwa pale ambapo mtu analinganisha bomba kubwa la mwenzake na kibomba chake. Mnara wa simu, kwa mfano, unagawa tu. Nyuma yake lazima kuwe na faiba, kiungo cha redio (antena mbili zinazorushiana intaneti) au setilaiti inayoulisha, na kama kinachoulisha ni chembamba, hata mnara mpya wa kizazi cha tano (5G) utakwenda kwa kusuasua.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni umbali hadi faiba iliyo karibu. Usiulize kampuni za simu peke yake. Uliza shirika la umeme, reli, na wenye mabomba ya mafuta au gesi. Njia za umeme mkubwa mara nyingi zina faiba ndani ya ule waya wa juu kabisa unaokinga radi, na vijiji vingi vinaishi chini ya waya huo bila kujua kinachopita juu yao. Kuwepo kwa faiba hakumaanishi kwamba unaweza kuchomoa tawi popote, lakini kunabadilisha hesabu yote.

Cha pili ni jinsi nyumba zilivyokaa. Nyumba mia mbili kwenye mstari mmoja na nyumba mia mbili zilizosambaa juu ya vilima ni kazi mbili tofauti, hata kama takwimu za watu zinalingana.

Cha tatu ni fedha, na zihesabiwe kwa mafungu mawili: za kuanzia na za kila mwezi. Ruzuku na wafadhili hupenda fungu la kwanza kwa sababu lina uzinduzi na utepe wa kukatwa. Fungu la pili ndilo linalozima mitandao. Kipimo kimoja cha kimataifa kinachosaidia ni cha Tume ya Broadband (intaneti ya kasi) ya Umoja wa Mataifa: huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi.

Cha nne ni kasi ya saa mbili usiku. Kasi iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya mtu mmoja aliye peke yake kwenye mtandao, na mtu huyo hayupo. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipandisha kiwango cha kuiita huduma intaneti ya kasi kutoka megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia kwa sekunde, kilichowekwa mwaka 2015, hadi 100 na 20. Ni vizuri kuzijua namba hizo, ila zisikutoe jasho. Kwa nyumba nyingi, megabiti 15 zisizoyumba jioni zinafaa kuliko 100 zinazoonekana alfajiri tu.

Cha tano ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya kuomba kitu na kuanza kukipata. Anayepakua filamu hajali. Anayepiga simu ya video, anayefundisha au kutibu kwa mbali, anauhisi mara moja.

Cha mwisho ni umeme na fundi. Nani atapanda juu ya mlingoti mvua ikinyesha? Anaishi umbali gani? Analipwa na nani? Kama maswali haya hayana majibu, vigezo vingine vyote ni mapambo.

Faiba hadi nyumbani

*Gharama.* Waya wenyewe si ghali kama watu wanavyodhani. Kinachokula fedha ni kuchimba mtaro, kuvuka barabara na mito, na kupata ruhusa ya kupita kwenye ardhi za watu. Ndiyo maana kupitisha faiba juu ya nguzo za umeme zilizopo hushusha gharama sana, na ndiyo maana serikali makini hulazimisha mabomba matupu yafukiwe barabara inapojengwa, ili asije mtu kuichimbua upya. Kuna pia njia ya wanakijiji kuchimba wenyewe. Vijijini Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ushirika wa B4RN ulioanzishwa mwaka 2011 ulifanya hivyo: wenye mashamba waliruhusu nyaya zipite bila malipo, wakulima wakatoa mashine na nguvu kazi, na kila nyumba iliyounganishwa ikapata gigabiti moja (megabiti 1,000) kwa sekunde katika eneo ambalo kampuni kubwa hazikuona biashara. Jambo la kujifunza hapo si jembe. Ni zile ruhusa za kupita. Mwenye shamba mmoja akikataa, kilomita kadhaa za ziada zinaingia kwenye bajeti.

*Uwezo.* Hapa hakuna mpinzani. Katika mfumo wa kawaida wa GPON, unaogawa uzi mmoja wa faiba kwa nyumba nyingi, uzi huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi. Ukigawanywa kwa nyumba 32, na zote zikapakua kwa wakati mmoja, kila moja bado inabaki na karibu megabiti 78. Uzi huohuo unafika hadi kilomita 20, na ukitaka kasi kubwa zaidi miaka ijayo unabadilisha vifaa vya ncha mbili tu; kioo kilichofukiwa kinabaki palepale. Ucheleweshaji ni mdogo kiasi kwamba hauna haja ya kujadiliwa.

*Umeme na fundi.* Kati ya kituo na nyumba hakuna kifaa kinachohitaji umeme. Vigawanyaji vilivyo njiani ni vioo vitupu. Kwa vijiji ambako umeme unakatika hovyo, hii ni sifa kubwa kuliko kasi yenyewe. Adui ni greda la barabara, jembe, panya na moto wa nyasi kwa faiba ya juu ya nguzo. Uzi ukikatika, kuunganisha kunahitaji mashine maalumu ya kuyeyusha kioo na mtu aliyefunzwa kuitumia. Mafunzo hayo si ya miaka, lakini mashine hiyo haikopwi dukani.

*Inamfaa nani.* Kijiji kilicho karibu na faiba iliyopo, chenye nyumba zilizokaribiana, na chenye mtu au ushirika unaoweza kusubiri fedha irudi kwa miaka mingi. Shule, zahanati na ofisi zilizo kando ya njia hiyo zinafaa kuunganishwa kwa faiba hata kama nyumba bado hazijafikiwa.

Mnara wa simu

*Gharama.* Kwa mwanakijiji, hii ndiyo njia rahisi zaidi kuanza: simu anayo tayari, bando ananunua kwa kiasi alicho nacho siku hiyo. Kwa kampuni ni kinyume. Mnara unahitaji kiwanja, barabara ya kufikia, umeme na kiungo cha kuulisha, na kijiji chenye wateja wachache wanaonunua bando dogo hakirudishi fedha hizo haraka. Nchi nyingi zimeunda mifuko ya mawasiliano kwa wote kuziba pengo hili. Njia nyingine ni kampuni kadhaa kutumia mnara mmoja.

*Uwezo.* Masafa ya chini ya mawimbi ya redio, kama megahezi 700 au 800, husafiri mbali na kupenya kuta na miti, ndiyo maana yanapendwa vijijini. Lakini upana wake, yaani nafasi ya kupitishia data, ni mdogo. Chukua mnara wa kizazi cha nne wenye chaneli ya megahezi 10: upande mmoja wa mnara, kwa mpangilio wa kawaida wa antena mbili, unatoa kilele cha megabiti 75 hivi kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kwa kila aliye upande huo. Video moja ya ubora wa HD inakula kama megabiti 5. Piga hesabu: watazamaji 15 na kilele kimekwisha, na kilele chenyewe hupatikana tu ukiwa karibu na mnara. Masafa ya juu ya kizazi cha tano, kama gigahezi 3.5, yana upana wa kutosha lakini hayaendi mbali. Ukisikia ahadi ya 5G vijijini, uliza ni masafa gani. Antena ya nje iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara huboresha mambo kuliko watu wanavyotarajia, na ni jambo la kujaribu kabla ya kutafuta huduma nyingine.

*Umeme na fundi.* Mzigo wote ni wa kampuni, nawe huna la kufanya zaidi ya kupiga simu huduma kwa wateja. Minara isiyo na gridi iliendeshwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi; sola na betri zimepunguza safari za kupeleka mafuta.

*Inamfaa nani.* Watu wanaotembea, wafanyabiashara wadogo, kaya zinazotumia simu kuliko kompyuta, na kijiji kisicho na uwezo wa kusimamia mtandao wake. Ila kuna jambo linalosahauliwa: duniani, watu walio chini ya mnara wenye intaneti lakini hawaitumii ni wengi mara nyingi kuliko wasio na mnara kabisa. Sababu zao ni bei ya simu, bei ya bando, kutojua kutumia, na kutoona kilicho cha manufaa kwa lugha wanayoielewa. Mnara wa pili hautatui hata moja kati ya hizo.

Redio za kijiji

Hii ndiyo njia isiyojulikana sana, nayo nadhani inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa. Mtoa huduma mdogo, au ushirika, ananunua intaneti kwa jumla mahali ilipo, anairusha kwa redio hadi kwenye kilima kinachoonekana kutoka kijijini, kisha anaigawa kwa antena ndogo juu ya mapaa.

*Gharama.* Ya chini kuliko faiba na kuliko mnara wa simu. Redio hizi nyingi zinatumia gigahezi 5, masafa ambayo katika nchi nyingi hayahitaji kununuliwa kwa mnada, ingawa leseni ya kutoa huduma inaweza kuhitajika na viwango vya nguvu ya mtambo vimewekwa na mdhibiti. Unaanza na nyumba kumi, unaongeza kadiri wateja wanavyokuja. Gharama ya kila mwezi iliyo nzito ni ile intaneti ya jumla, na hapo ndipo wengi wanapokwama: mwenye faiba akiuza jumla kwa bei ya rejareja, hakuna biashara.

*Uwezo.* Kiungo cha nukta mbili kinaweza kuvuka kilomita 20 na zaidi, kwa sharti moja gumu: pande mbili zionane. Na kuonana si kuona kwa jicho tu. Mawimbi yanahitaji nafasi tupu kuzunguka mstari huo, na mti unaogusa nafasi hiyo unapunguza nguvu hata kama unaona mlingoti wa pili vizuri. Miti hukua. Kiungo kilichopimwa wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, hulegea mvua zikishanyesha. Pale ambapo misitu au mabonde yanazuia, kuna masafa ya runinga yasiyotumika, yanayopenya majani vizuri zaidi, lakini vifaa vyake ni adimu na ruhusa yake inategemea nchi. Kwa nyumba, tegemea makumi ya megabiti kama mtandao haukujazwa kupita kiasi. Watoa huduma wawili wakitumia chaneli moja kwenye kilima kimoja, wote wanaumia, na kwa kuwa masafa ni ya bure hakuna wa kumshitaki.

*Umeme na fundi.* Redio zinakula umeme kidogo. Paneli ya sola na betri vinatosha kuwasha kituo cha kurushia mlimani. Lakini vituo ni vingi, na kila kimoja ni mahali pa radi kupiga, betri kuibwa na nyuki kujenga. Fundi lazima awe jirani. Faida yake ni kwamba fundi huyo anaweza kuwa kijana wa hapohapo, na fedha za huduma zinabaki kijijini. Mtandao wa Guifi.net, ulioanza mwaka 2004 huko Catalonia, Hispania, ulikua hivyo hadi kufikisha makumi ya maelfu ya vituo, na baadaye ukaongeza faiba yake wenyewe. Ushirika wa Zenzeleni huko Mankosi, Eastern Cape, Afrika Kusini, ulianza kwenye nyumba za kijiji kwa umeme wa jua. Mitandao kama hii haifi kwa sababu ya redio. Inakufa kwa sababu ya hesabu: nani amelipa, nani anadaiwa, fedha ya betri mpya iko wapi. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ni hivyo neno kwa neno.

*Inamfaa nani.* Maeneo ya wazi au yenye vilima vinavyotazamana, nyumba zilizosambaa kwa wastani, intaneti ya jumla ikiwa ndani ya kilomita makumi machache, na kundi la watu wanaoaminiana kiasi cha kushika fedha za pamoja.

Setilaiti

*Gharama.* Hakuna mtaro, hakuna mnara, hakuna kusubiri jirani akubali. Unanunua dishi, unalifunga pasipo na mti wala paa la kuzuia anga, na unalipa kila mwezi. Kwa kaya moja ya kipato cha kijijini malipo hayo mara nyingi ni makubwa mno. Kwa shule, zahanati au nyumba kumi zinazochangia, hesabu inabadilika, lakini soma masharti: si kila mkataba unaruhusu kugawa au kuuza huduma kwa wengine. Na kabla ya hayo, hakikisha huduma imeidhinishwa nchini mwako.

*Uwezo.* Tofautisha aina mbili. Setilaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako na jibu lake vinapanda na kushuka umbali huo mara mbili mbili, na kwa mwendo wa mwanga hiyo pekee ni karibu nusu sekunde, kabla mtambo wowote haujafanya kazi. Hakuna teknolojia itakayoipunguza. Setilaiti za chini, kama zile za huduma ya Starlink zilizo chini ya kilomita 600, huleta ucheleweshaji wa milisekunde makumi tu, na simu ya video inakwenda vizuri. Kasi yake ni nzuri, mara nyingi juu ya megabiti 50 au 100, mradi watumiaji wa eneo hilo si wengi. Kila kipande cha ardhi kinagawana uwezo wenye kikomo, na mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na sehemu za Lagos kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Kijiji kilichotawanyika hakina tatizo hilo mapema. Mji ndio unalipata.

*Umeme na fundi.* Dishi la kisasa linakula wati 50 hadi 100 muda wote liwapo hewani, kiasi kinachotosha kumaliza mfumo mdogo wa sola wa nyumbani kabla ya usiku wa manane. Hutahitaji fundi, hadi kifaa kiharibike; hapo unahitaji posta na subira. Mvua kubwa hukata kwa dakika chache.

*Inamfaa nani.* Walio mbali na kila kitu: visiwa, majangwa, mashamba makubwa, kambi za utafiti. Pia yeyote anayehitaji njia ya akiba. Volkano ilipokata kebo ya baharini ya Tonga Januari 2022, setilaiti ndiyo iliyobaki kuiunganisha nchi na dunia kwa wiki kadhaa.

(Mradi wa Loon wa Alphabet, kampuni mama ya Google, wa kurusha intaneti kwa maputo ya angani, ulifungwa mwaka 2021, na ndege ya sola ya Facebook ya kazi hiyohiyo iliachwa mwaka 2018. Ukiletewa mpango wa kitu kinachoelea angani, ombea heri ila usikiweke kwenye bajeti.)

Kulingana na hali yako

*Faiba iko ndani ya kilomita chache na nyumba zimekaribiana.* Anza na faiba hadi shule, zahanati na soko, kisha pima kama nyumba zinaweza kufuata. Tafuta ruhusa za kupita kabla ya kutafuta fedha.

*Faiba iko mbali lakini kuna kilima kinachoonana nayo.* Redio, na mlingoti ujengwe mahali ambapo faiba ikija kesho itaingia bila kuhamisha chochote. Pima kiungo msimu wa majani.

*Mnara upo, lakini jioni intaneti inakwama.* Jaribu kwanza antena ya paa. Ikishindikana, ulizeni kampuni kinachoulisha mnara huo: kama ni kiungo chembamba cha redio, dai lenu liwe kuongezwa kiungo hicho. Mnara mwingine utakaolishwa na kiungo kilekile hautabadilisha kitu.

*Mnara upo na unafanya kazi, lakini watu hawatumii.* Hapa njia zote nne hazitatibu. Fedha ziende kwenye simu za bei nafuu, mafunzo, na mahali pa kuunganishwa bila malipo.

*Nyumba chache, mbali sana, hakuna kilima wala mnara.* Setilaiti ya chini, moja kwa matumizi ya pamoja, pamoja na sola ya kutosha na kanuni iliyoandikwa ya nani anachangia nini. Kuigawa nyumba za jirani kwa redio ndogo kunawezekana kama mkataba unaruhusu.

*Kuna mfadhili mwenye fedha za kuanzia lakini hana za kila mwezi.* Mwombe fedha ziende kwenye vitu vinavyodumu bila kula: mitaro, mabomba, nguzo, milingoti. Akisisitiza vifaa, omba aweke ndani ya mkataba betri za kubadilisha mwaka wa 3, vipuri, na mafunzo ya mafundi 2 wanaoishi hapo. Asipokubali, hesabuni kwanza mchango wa kila kaya kwa mwezi, muukusanye kwa miezi mitatu kabla kifaa chochote hakijafungwa, muone wangapi wanalipa mwezi wa tatu.